Tumbaku: ipigwe marufuku, ibanwe, au ing'olewe meno?

Mjomba wangu alianza kuvuta akiwa na miaka kumi na sita. Kwa zaidi ya miaka arobaini, kitu cha kwanza alichogusa kila alfajiri kilikuwa mfuko wa shati lililotundikwa ukutani. Mkono ulikwenda wenyewe, macho yakiwa bado yamefumba. Kikafuata kikohozi, kisha kiberiti, kisha kimya. Siku daktari alipomwonyesha picha ya mapafu yake, aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu palepale: "Mjomba, kama wanajua ni sumu, na wanajua inanasa, mbona wananiuzia?"

Nimekaa na swali lile muda mrefu. Nusu ya jibu ni historia, jinsi sheria ilivyoiacha tumbaku ipite. Nusu ya pili bado inaamuliwa mabungeni: sasa ifanyweje? Njia zinazozungumzwa ni nne. Kuipiga marufuku kabisa. Kuiacha halali huku ikibanwa. Kuwafungia mlango waliozaliwa baada ya tarehe fulani. Na kuipunguza nikotini iliyomo ndani ya sigara mpaka isiweze kumnasa mtu. Nitazilinganisha kwa vipimo viwili. Mzigo wa sheria unamwangukia nani, mvutaji au mtengenezaji? Na yule aliyekwisha kunaswa ataamkaje asubuhi ya kwanza sheria ikianza kazi?

Ilivyopenya

Tumbaku ilitoka Amerika ikaenea duniani katika karne ya 16, miaka mia tatu na zaidi kabla ya mtu yeyote kupima madhara yake kwa hesabu. Si kwamba watawala waliipenda. Mwaka 1604 Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza aliandika kijitabu cha kuilaani, akapandisha ushuru wake kutoka peni 2 hadi shilingi 6 na peni 10 kwa ratili. Mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne wa Dola ya Osmani aliwawekea wavutaji adhabu ya kifo. Watu waliuawa kweli, na moshi haukukoma. Karne hiyo haikuisha kabla tumbaku haijarudi kuwa halali.

Lakini sigara yenyewe, hii nyeupe ya kwenye pakiti, ni ya juzi tu. Mpaka mwishoni mwa karne ya 19 zilisokotwa kwa mkono, moja baada ya nyingine. Mashine ya James Bonsack, iliyopata hataza Marekani mwaka 1881, iliweza kutoa takriban 120,000 kwa siku. Bei ikaporomoka, na uvutaji ukawa wa kila mtu, kila saa. Ilipofika mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill huko Uingereza, na Ernst Wynder na Evarts Graham huko Marekani, walipochapisha tafiti zilizoihusisha sigara na saratani ya mapafu, walikuwa wanazungumza na umma uliokwisha kunaswa. Mwaka 1948 wanaume wanane kati ya kumi wa Uingereza walikuwa wakitumia tumbaku kwa namna moja au nyingine.

Hapo ndipo penye kiini cha jibu. Heroini na kokeini zilipowekewa sheria kali, watumiaji wake walikuwa wachache na hawakuwa na wa kuwasemea. Ushahidi dhidi ya tumbaku ulipofika, pakiti ilikuwa tayari mfukoni mwa mbunge, mwa hakimu na mwa daktari.

Kuanzia hapo uhalali wake ukaandikwa kabisa. Mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa mwaka 1961 unashughulika na afyuni, koka na bangi, tumbaku haimo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1970 inayozipanga dawa kwa madaraja ya hatari inatamka wazi kwamba tumbaku, pamoja na pombe, haihesabiwi. Mwaka 1988 ripoti ya Mganga Mkuu wa nchi hiyo, C. Everett Koop, ilisema nikotini huleta uraibu kwa taratibu zinazofanana na za heroini na kokeini. Mwaka 1994 wakuu saba wa kampuni za tumbaku walikaa mbele ya kamati ya bunge wakasema, mmoja baada ya mwingine, kwamba hawaamini nikotini ina uraibu. Na mwaka 2009, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipopewa hatimaye nguvu juu ya sigara, sheria hiyohiyo iliikataza mambo mawili: kupiga marufuku sigara zote, na kushusha nikotini hadi sifuri. Mdhibiti alipewa jembe na kuonyeshwa mahali pasipolimwa.

Kuna na fedha, tena si kodi peke yake. China, shirika la tumbaku ni la serikali, nalo hutengeneza zaidi ya sigara nne katika kila kumi zinazotengenezwa duniani. Japani, sheria inaitaka serikali iwe na angalau theluthi moja ya hisa za kampuni kubwa ya tumbaku. Ni vigumu mwenye duka kulifunga duka lake.

Na kuna sababu moja isiyosemwa sana, ambayo mimi naiona nzito kuliko zote: sigara haileweshi. Mvutaji huendesha gari, hufundisha darasa, husimamia kiwanda. Hapigi kelele usiku. Hufa baada ya miaka thelathini, kitandani, na cheti huandikwa jina la ugonjwa, wala si jina la sigara. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Kama vingetokea barabarani, hakuna bunge lingelala.

Kinachonasa na kinachoua

Kabla ya kuchagua njia, lazima tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kinachomfunga mvutaji ni nikotini. Kinachomuua, kwa sehemu kubwa kabisa, ni moshi: lami, hewa ya kaboni monoksaidi, na kemikali zaidi ya 7,000 zinazozaliwa tumbaku inapoungua, karibu 70 kati yake zikiwa za kuleta saratani.

Nikotini huvutwa pamoja na moshi ikafika kwenye ubongo kwa takriban sekunde kumi, haraka kuliko dawa nyingi zinazodungwa kwa sindano mkononi. Kisha nusu yake hupotea mwilini kwa muda wa saa mbili hivi. Kwa hiyo mtu anayelala saa saba au nane huamka akiwa karibu mtupu, na arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa nikotini, ndiyo inayomwamsha. Ule mkono wa mjomba wangu ukutani haukuwa wa mazoea tu. Ulikuwa wa mgonjwa anayetafuta dawa ya ugonjwa ulioletwa na dawa hiyohiyo.

Sheria basi ina shabaha mbili: inaweza kulenga kinachonasa au kinachoua. Njia nyingi tulizozoea hazilengi chochote kati ya hivyo. Zinamlenga mtu.

Marufuku kabisa, au halali yenye kubanwa?

Marufuku ina uzuri wa unyoofu. Kitu kinaua, kiondoke. Ningependa iwe hivyo, na kila nikikumbuka kile kikohozi cha alfajiri moyo wangu unaelekea huko. Lakini imejaribiwa, na matokeo yake tunayo.

Bhutan ilipiga marufuku uuzaji wa tumbaku nchi nzima mwaka 2004, na mwaka 2010 ikaongeza sheria yenye vifungo. Mwaka uliofuata mtawa mmoja kijana alihukumiwa miaka mitatu jela kwa tumbaku ya kutafuna yenye thamani ndogo sana, na watu wakashtuka. Biashara ya magendo kupitia mpaka wa India haikukoma miaka yote hiyo. Korona ilipokuja na mipaka kufungwa, serikali ikahofia kwamba wavushaji wa magendo wangeingiza na ugonjwa. Mwaka 2020 ikafungua maduka yake yenyewe ya kuuzia tumbaku, na mwaka 2021 marufuku ya uuzaji ikaondolewa. Ilidumu karibu miaka kumi na saba, katika nchi ndogo yenye utii mkubwa kwa dini na serikali. Kama ilishindikana pale, sijui ingefaa wapi.

Afrika Kusini ilikuwa na jaribio fupi zaidi. Uuzaji wa sigara ulisimamishwa tangu mwishoni mwa Machi hadi katikati ya Agosti 2020, sababu ikiwa ni Korona. Wavutaji walio wengi waliendelea kununua, kwa bei iliyopanda mara kadhaa, kutoka kwa watu ambao kabla ya hapo hawakuwa na soko kubwa hivyo. Marufuku ikaondoka, wauzaji wa magendo wakabaki. Baadaye mahakama ikasema hatua ile ilikiuka katiba.

Ukipima kwa vipimo vyangu viwili, marufuku inaanguka kote. Mzigo wote unamwangukia mvutaji, kwa sababu mtengenezaji anaweza kuuza nchi nyingine wakati mraibu hana mwili mwingine. Na asubuhi ya kwanza huamka na arosto ileile, ila sasa anayemtuliza ni mlanguzi.

Kubana ni kazi ya pole pole, isiyo na shangwe. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku ulipitishwa mwaka 2003, ukaanza kufanya kazi mwaka 2005, na nchi zaidi ya 180 zimeuridhia. Yaliyomo yanajulikana: kodi, maonyo yenye picha, kukataza matangazo, kuzuia uvutaji mahali pa watu wengi, kuwasaidia wanaotaka kuacha. Australia iliongeza pakiti zisizo na rangi za kuvutia wala nembo mwaka 2012. Mwaka 2000 mtu mzima mmoja kati ya kila watatu duniani alitumia tumbaku. Mwaka 2022 alikuwa mmoja kati ya kila watano. Hakuna marufuku yoyote iliyofanikiwa hivyo.

Katika yote hayo, kodi ndiyo yenye nguvu. Bei ikipanda kwa asilimia 10, matumizi hupungua kwa takriban asilimia 4 katika nchi tajiri na takriban asilimia 5 katika nchi nyingine, na vijana hupunguza zaidi ya watu wazima kwa sababu bado hawajashikwa sawasawa.

Lakini nisiifiche kasoro yake. Kodi ya sigara hulipwa na mraibu, na mraibu mara nyingi ni maskini. Aliyeshindwa kuacha analipa kila siku kwa kushindwa kwake. Zaidi ya hayo, kodi huinasa serikali yenyewe. New Zealand, mwishoni mwa mwaka 2023, serikali mpya ilipotangaza kufuta sheria kali za tumbaku, waziri wake wa fedha alikiri kwamba pato litakalobaki lingesaidia kugharimia punguzo la kodi nyingine. Pia kuna kikomo: Australia ilipandisha kodi mpaka magenge yakaona faida ya kuagiza za magendo, na maduka yakaanza kuchomwa moto katika ugomvi wao. Kodi bila ulinzi wa mipaka ni ndoo iliyotoboka.

Kati ya hizi mbili, nachagua kubana, tena bila kusita. Lakini sioni kwamba inatosha.

Kufungia kizazi, au kung'oa meno?

Hapa ndipo mjadala wa leo ulipo.

Kufungia kizazi maana yake ni hivi: sheria inataja tarehe, na yeyote aliyezaliwa kuanzia tarehe hiyo hatauziwa sigara maisha yake yote. Mji wa Brookline, jimbo la Massachusetts, ulianza na waliozaliwa kuanzia 1 Januari 2000, na mwaka 2024 mahakama ya juu ya jimbo ikaukubalia. New Zealand ilipitisha sheria Desemba 2022 kwa waliozaliwa kuanzia 1 Januari 2009, ikaifuta Februari 2024 kabla haijaanza kuuma. Uingereza nayo iliupeleka bungeni muswada wenye tarehe hiyohiyo ya 2009. Maldives ilianza tarehe 1 Novemba 2025 kwa waliozaliwa kuanzia 1 Januari 2007, nayo imekwenda mbali zaidi kwa kukataza si kuuza tu bali hata kununua na kutumia.

Uzuri wa njia hii ni kwamba hamnyang'anyi mtu kitu. Mvutaji wa leo anaamka kama alivyoamka jana, na mtoto ambaye hajaonja hakosi chochote. Inaheshimu ukweli mmoja mkubwa: Marekani, karibu wavutaji tisa kati ya kumi wa kila siku walianza kabla ya miaka 18. Wanaosema kuvuta ni uamuzi huru wa mtu mzima wajibu kwanza hesabu hiyo. Mjomba wangu hakuamua akiwa mtu mzima. Mvulana wa miaka kumi na sita ndiye aliyemwamulia.

Ugumu wake ni miaka. Mwaka 2050, katika nchi yenye tarehe ya 2009, mtu wa miaka 42 atauziwa na wa miaka 41 atanyimwa, tena kaunta ileile. Na kwa kuwa matunda yake huja baada ya miongo, kila uchaguzi ni nafasi ya kuifuta, kama New Zealand ilivyoonyesha.

Njia ya nne haimgusi mtu kabisa, inaigusa sigara. Januari 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipendekeza kwamba kila gramu ya tumbaku ya sigara isizidi miligramu 0.7 za nikotini, yaani pungufu kwa karibu asilimia 95 ya iliyo kawaida sasa. Sheria ya New Zealand ile iliyofutwa nayo ilikuwa na kipengele kama hicho. Nyoka anabaki, meno yanang'olewa.

Wengi wakisikia hivi hukumbuka zile sigara zilizoitwa "nyepesi", na wana haki ya kushuku. Chukua moja uitazame kwenye mwanga. Kuzunguka kichungi, karibu na pale karatasi ya rangi inapoishia, kuna mstari wa vishimo vidogo kuliko tundu la sindano. Mashine ya kupimia ilipovuta, hewa iliingia kwenye vile vishimo ikauchanganya moshi, na kipimo kikasoma kidogo. Mtu anapoishika, vidole na midomo yake huviziba. Na hata asipoviziba, huvuta kwa nguvu zaidi na kuushikilia moshi ndani, mpaka mwili upate kiasi uliokizoea. Nikotini ilikuwa bado imo yote ndani ya tumbaku. Wepesi ulikuwa wa maneno, na Marekani ilikataza jina hilo kuanzia mwaka 2010.

Kuipunguza nikotini ndani ya tumbaku yenyewe ni jambo lingine kabisa, kwa sababu hata ukivuta kwa nguvu zote hakuna cha kupata. Jaribio lililochapishwa mwaka 2015 lilionyesha hivyo: waliopewa sigara zenye nikotini ndogo sana walivuta chache kuliko waliopewa za kawaida, na tamaa yao ikapungua.

Kwa vipimo vyangu, hii ndiyo njia pekee inayomtwika mzigo mtengenezaji. Mtoto akijaribu, anajaribu kitu kisichomshika. Mtu mzima bado anaruhusiwa kuwasha. Asubuhi ya kwanza ndiyo ngumu, sikatai: mamilioni ya watu wataonja arosto kwa wakati mmoja, na wasipokuwa na msaada mkononi wataikimbilia magendo kama walivyoikimbilia kwingine. Moshi wa sigara hizo pia unaua vilevile kwa anayeendelea kuuvuta. Njia hii haijapata kutekelezwa na nchi yoyote, kwa hiyo tunaichagua kwa majaribio ya kitafiti na kwa akili, wala si kwa uzoefu.

Kuhamisha nikotini

Wapo wanaosema tuiache nikotini, tuondoe moshi. Mfano wao ni Sweden, ambako wanaume wengi hutumia snus, tumbaku yenye unyevu inayowekwa chini ya mdomo wa juu. Wavutaji wa sigara wa kila siku huko ni karibu asilimia 5, na wanaume wake hufa kwa saratani ya mapafu kwa kiwango cha chini sana Ulaya. Kwa mvutaji mkongwe aliyeshindwa kila kitu, hoja hii ina uzito, na sigara za kielektroniki nazo zimewatoa baadhi ya watu kwenye moshi. Lakini ladha za matunda na rangi za pipi hazikutengenezwa kwa ajili ya mkongwe. Ningeikubali njia hii kama mlango wa kutokea tu, unaofunguliwa kwa wale waliokwisha kuwa ndani.

Chaguo langu

Kama nchi yako bado haina kodi ya maana wala maonyo wala huduma za kuacha, anza na kubana. Hakuna njia ya mkato. Kama imekwisha kubana na magendo yanadhibitika, ningeweka nguvu kwenye kupunguza nikotini, huku dawa za kuachia zikitolewa miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe. Njia ya kufungia kizazi ningeichagua pale ambapo kampuni za tumbaku zina nguvu mno kuruhusu sigara iguswe, ila nisiongeze adhabu kwa mtumiaji kama Maldives ilivyofanya. Marufuku kabisa siichagui.

Na kama wewe ndiye unayevuta, usiingoje sheria. Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50, tangu 1951, na wakaona kwamba mvutaji hupoteza kama miaka kumi ya maisha. Aliyeacha akiwa na miaka 60 aliokoa kama mitatu, 50 kama sita, 40 kama tisa, na 30 karibu yote. Anayejaribu bila msaada wowote hufanikiwa mara chache sana, si kwa udhaifu wake. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba za kusaidia kuacha: nikotini ya kubandika au ya kutafuna, vareniklini, bupropioni na saitisini, pamoja na ushauri. Muulize mhudumu wa afya ipi inakufaa.

Mjomba aliacha akiwa na miaka 59, mara ya nne kujaribu, akitumia bandiko la nikotini kwa wiki kumi. Shati bado linatundikwa mahali palepale, na alfajiri mkono bado unakwenda. Sasa mfukoni mna chingamu za nikotini.